Siku Gaudiosa Alipomuua Koplo Tumwagile

Zamani za king'ora cha shamba la mkonge, mtu wa Kilosa hakuhesabiwa marehemu mpaka Gaudiosa Komba amtangaze. Daktari angesema lake, padri au shehe angesema lake, lakini watu walikaa wakisubiri spika iliyotundikwa juu ya ofisi ya shamba ikohoe mara mbili, kisha sauti nzito ya mwanamke iseme, "Tunasikitika kuwatangazia." Hapo ndipo kilio kilipoanza, na wanaume wakaenda kutafuta majembe.

Baba yake alikuja kutoka Songea pamoja na kundi la manamba, kwa mkataba wa miaka miwili, akakaa arobaini. Gaudiosa alizaliwa kambini, akasoma mpaka darasa la saba, akaajiriwa kufagia ofisi. Siku moja karani wa kutangaza zamu alipatwa na kikohozi, yeye akapewa karatasi aisome. Wakataji wa mkonge waliokuwa njiani walisimama, wakageuza shingo, maana sauti ile haikufanana kabisa na kale kamwili kembamba kalikokuwa kakifagia. Karani alipopona alirudi, akakuta nafasi yake imeshapata mwenyewe.

Kwa miaka ishirini na miwili akatangaza zamu, barua zilizofika, watoto waliopotea, siku za chanjo na vifo. Katika vifo hakuwahi kukosea jina hata mara moja, na kwa hilo alijivuna, tena alijivuna waziwazi. Tangazo lake lilikuwa na mwisho mmoja tu, uliowekwa na meneja fulani wa zamani: "Watu wote mnaombwa kusimamisha kazi." Na watu walisimamisha.

Kisha ukaja wakati wa ruksa. Maduka yakajaa mitumba na sabuni za kila rangi, na mashamba ya umma yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Mwaka wa 1993 Gaudiosa aliletewa karatasi nyingine, akaisoma kama alivyozisoma zote: kuanzia Jumatatu hakuna kazi. Alipomaliza akaishusha spika, akaifuta vumbi kwa ncha ya khanga, akaikabidhi stoo. Alilia njia nzima mpaka nyumbani, na hakuona haya.

Miaka mitatu akauza karanga za kukaanga. Karanga hazihitaji sauti; ukizipanga vizuri zinajitangaza zenyewe. Jioni koo lilimuuma, na nesi alimchungulia kwa kurunzi asione ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa ule ukimya, lakini nani angemwandikia dawa yake?

Genge lake la karanga lilikuwa mlangoni pa banda la video la Cosmas, jirani na soko. Lilikuwa banda la mabati lenye mabenchi tisa, televisheni moja na deki moja, vyote vimekuja kwa treni vikiwa vimeviringishwa kwenye godoro. Nje, juu ya nguzo, Cosmas alitundika spika ili wapita njia wasikie ngumi zikilia ndani wavutike kuingia. Alikuwa ameinunua siku vyombo vya shamba vilipouzwa. Ndiyo, ilikuwa spika ile ile, na kila asubuhi Gaudiosa aliitazama kama mtu anavyomtazama mumewe wa zamani akipita na mke mwingine.

Aliyesema kupitia spika hiyo sasa ni Ditram, kijana wa kuvaa miwani ya jua hata gizani. Ditram alitafsiri Kichina, Kihindi na Kiingereza, na hakujua hata kimoja. Hilo halikuwa siri wala kosa. Mtafsiri wa picha kazi yake ilikuwa kutazama midomo, mikono na macho, kisha kuwaambia watu kinachosemwa, na asiposema kitu kinachoeleweka alizomewa. Lakini mwaka wa 1996 Mikumi, kule barabara kuu inakopita, likafunguliwa banda lenye televisheni mbili na feni. Ditram aliondoka Jumapili bila kuaga.

"Kaka Cosmas, nipe mimi," Gaudiosa akasema Jumatatu asubuhi.

Cosmas akacheka mpaka akakaa. "Dada Gaudiosa, hizi ni ngumi, siyo misiba."

"Nimezisikia mwaka mzima. Nipe kipaza sauti."

Cosmas hakuwa na mtu mwingine. "Nakupa mpaka Jumamosi," akasema. "Jumamosi banda likiwa tupu, nakwenda Mikumi kumpigia Ditram magoti, na wewe unarudi kwenye karanga zako. Tusilaumiane."

Jumatatu waliingia watu saba, na wanne wakazomea. Jumatano wakaja watano. Vijana walisema mwanamke hawezi kutafsiri ngumi kwa kuwa hajui inavyouma, neno ambalo wake zao wangeweza kulijibu vizuri sana. Gaudiosa akaendelea kutafsiri. Alikishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili, na koo lake, tangu siku ile ya kwanza, likaacha kumuuma.

Ijumaa basi la kutoka Morogoro lilileta kanda ambayo hakuna aliyeiagiza. Kwenye jalada walisimama wanawake sita wa Kichina wamevaa sare za polisi. Watano walikuwa na bastola, na wa sita, mnene, alikuwa na kikaango. Cosmas alitaka kuirudisha. Gaudiosa akaitazama ile picha muda mrefu, kisha akasema, "Hii iache."

Jumamosi asubuhi akaacha karanga, akazunguka soko zima. "Leo saa nane kuna picha ya askari wanawake," akawaambia wauza nyanya na wauza dagaa. "Hakuna mwanaume anayekuja kuwaokoa. Njooni na watoto wenu." Saa nane wakaja wanawake ishirini na zaidi, ambao hawakuwahi kuvuka ule mlango ila kuwatoa waume zao. Wakatandika magunia mbele ya benchi la kwanza. Vijana walipoona hivyo nao wakaingia, angalau waje kucheka, na banda likajaa mpaka mlangoni.

Kulikuwa na tatizo moja. Desturi ya mtafsiri ni kuipitia kanda peke yake asubuhi, amjue steringi, yule shujaa wa picha, ni nani, adui ni nani, na nani anakufa. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, ukarudi saa nane kasoro dakika tano. Gaudiosa akaingia vitani bila kujua mwisho wa vita. Alijifariji kwa sheria ambayo hata watoto wa Kilosa waliijua: steringi hafi.

Desturi ya pili ilihusu majina. Majina ya Kichina hayakukaa mdomoni, kwa hiyo wahusika walibatizwa majina ya watu wa mjini. Yule mnene wa kikaango akawa Agnesi, kwa sababu Agnesi mkaanga samaki wa sokoni alikuwa na mkono ule ule. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha akatokea kiongozi wa kikosi, mfupi, mikono nyuma, asiyecheka, akawapita wale wanaume waliokuwa wakimdhihaki kama anayepita miti. Gaudiosa hakufikiri. Jina lilitoka lenyewe: "Huyu ndiye Koplo Tumwagile!"

Banda likanguruma, maana Tumwagile kila mtu alimjua. Alikuwa askari wa kike aliyehamishiwa Kilosa kutoka Tukuyu miaka sita nyuma. Hakuwa na mume wala ndugu pale, aliishi chumba kimoja kwenye kota za polisi, na alitembea mikono nyuma hivyo hivyo. Watu walimwamkia wakapisha njia. Gaudiosa alikuwa amemwona siku moja stesheni ya treni, mbele ya mlevi mwenye panga, wanaume wote wameshapanda juu ya mizigo. Tumwagile alinyoosha mkono tu. "Lete hapa, kaka, utajikata," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, na yule mtu akampa. Siku ile Gaudiosa alisahau kupumua, na hakuwahi kumwambia mtu jinsi alivyomstahi.

Basi akaimwaga stahi ile yote kwenye kipaza sauti. Wale wanawake sita walipewa ofisi inayovuja na taipureta moja, wakakamata majambazi wenye magari matano. Walijifanya wasusi wa nywele, wakapigana na vichana, mabeseni na maji ya moto. Mmoja alikimbiza gari akiwa na viatu vya visigino, akavua kimoja, akakirusha, kioo cha mbele kikapasuka. Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika, na waliokuwa juu yake wakaendelea kucheka chini. Gaudiosa mwenyewe aliona nywele zikimsimama. Alikuwa amesimulia wanaume wakirukaruka juma zima, lakini leo kila teke lilitoka mguuni mwake.

Kisha picha ikageuka. Adui akawafungia watoto ndani ya ghala linaloungua. Koplo akavunja mlango, akausimamia kwa mgongo wake ili usijifunge, watoto wakapita chini ya mkono wake mmoja mmoja. Risasi zikaja tatu. Akabaki amesimama mpaka mtoto wa mwisho akatoka, ndipo akashuka polepole, akakaa chini, akainamisha kichwa.

Vijana wakasubiri ainuke. Steringi hafi. Hakuinuka.

Gaudiosa akakosa neno. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na watu mia wakamgeukia wakingoja kuambiwa. Mdomo uliokosa neno ukaenda kutafuta kazi yake ya zamani, ukaikuta pale ilipoachwa. Akakohoa mara mbili.

"Tunasikitika kuwatangazia. Koplo Tumwagile amefariki dunia alasiri hii, kwa risasi tatu, akiwa kazini. Alisimama mlangoni ili wengine watoke. Watu wote mnaombwa kusimamisha kazi."

Picha iliendelea dakika arobaini nyingine. Wale watano wakalipiza kisasi, Agnesi wa kikaango akammaliza adui mkubwa kwa pigo moja la kisogo, na watu wakatoka mabenchini wakashangilia kwa miguu. Cosmas alipita katikati yao akamshika Gaudiosa mikono yote miwili. "Ditram abaki Mikumi na feni yake," akasema. "Hiki kipaza sauti ni chako." Gaudiosa akacheka, akalia, akasukuma mlango ili apate hewa.

Soko lilikuwa limefungwa. Nyanya zimefunikwa magunia, mizani imening'inia bila mtu. Kutoka upande wa kota za polisi kilisikika kilio cha wanawake wengi, kile cha kupokezana. Mzee mmoja alipita mbio na jembe begani.

"Shikamoo. Nani tena, mzee?"

"Marahaba. Si umetangaza mwenyewe?" mzee akasema, akaendelea na safari.

Gaudiosa akageuka. Akainua macho akaitazama spika juu ya nguzo. Nusu ya mji ilikuwa imemsikia kwa spika ile ile, kwa sauti ile ile, kwa maneno yale yale yaliyowazika baba zao. Nani angeuliza ushahidi? Na Tumwagile mwenyewe hakuwepo akanushe. Tangu Ijumaa alikuwa Tindiga, kwenye ugomvi wa ng'ombe walioingia mashamba ya mpunga, na Tindiga wakati ule haikuwa na simu. Askari wa zamu aliwaambia watu kwamba hana taarifa yoyote, lakini aliwaambia akiwa amevua kofia.

"Umetumaliza," Cosmas akanong'ona nyuma yake. Tayari alikuwa akipanda ngazi kuishusha spika. "Watafunga banda. Watatufunga na sisi. Kipaza sauti hicho kisahau kabisa, umesikia? Hata karanga usiuze tena mlangoni kwangu."

Gaudiosa akaenda kota peke yake, kusema kweli. Hata baadhi ya waliotoka bandani walikuwa wamempita wakilia. Walidhani ni kifo kingine, cha kweli, kilichotokea wakiwa ndani. Mbele ya chumba cha Tumwagile mikeka ilikuwa imetandikwa, sufuria ziko motoni, na wanawake kama sitini wamekaa vichwa vimefunikwa. "Jamani, nisikilizeni," akasema. "Jamani, ilikuwa picha." Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna aliyemsikia.

Akakaa chini ukingoni mwa mkeka, na kwa kuwa hakusikika akaanza kusikia. Agnesi mkaanga samaki alikuwa katikati, macho mekundu. "Mwaka wa mafuriko," akasema, "alimbeba mwanangu mabegani mpaka hospitali, maji kifuani. Nilimpelekea samaki, akakataa. Akasema nimkaangie siku akistaafu." Mwingine akasema Tumwagile alikuwa akija kwake kila Ijumaa, anasimama uani, anamtazama mumewe bila neno, kisha anaondoka, na tangu hapo mumewe hajamnyanyulia mkono. Bibi wa Zombo, aliyekuja mjini kuuza ndizi, akasema alimlipia nauli bila kumjua jina. Kila mmoja alikuwa na lake, na hakuna aliyewahi kulisema mbele ya mwenyewe. Gaudiosa alisikiliza kwa hofu ya namna ya kanisani. Alijiona mjinga kwamba alilazimika kwenda Uchina kumtafuta steringi.

Jua likiwa linapungua, trekta likasimama barabarani. Akashuka mwanamke mfupi, matope ya mpunga mpaka magotini. Akaona mikeka, akaona sufuria, akajua kota wamefiwa. Akavua kofia, akavua buti, akaja mikono nyuma, akakaa taratibu kwenye mkeka wa pembeni.

"Poleni," akasema. "Nani ametutoka?"

"Tumwagile, yule askari," jirani yake akajibu bila kuinua kichwa. "Wamempiga risasi tatu."

 "Wapi?" Tumwagile akauliza.

Bibi wa Zombo ndiye aliyeinua macho kwanza. Kilichofuata hakuna anayekisimulia sawasawa na mwenzake. Sufuria mbili zilimwagika, mzee wa jembe aliruka uzio, na Agnesi, badala ya kukimbia, alimwangukia mfu shingoni akakataa kumwachia. Fujo ilipotulia Tumwagile akauliza swali moja: nani alitangaza? Mikeka yote ikageuka kumtazama Gaudiosa. Akasimama. 

"Ni mimi, afande. Nilikuwa natafsiri picha. Nikampa askari wa kwenye picha jina lako, halafu akafa."

Tumwagile akamwendea. Gaudiosa alikuwa mkubwa kwake kwa miaka kumi na tano, na adabu haivuliwi na sare. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nifuate."

Wote walijua ni mahabusu. Lakini kwenye njia panda Tumwagile hakukata kwenda kituoni. Alikwenda mpaka bandani, msafara mzima nyuma yake, akamkuta Cosmas akiifukia spika chini ya magunia ya karanga. "Washa," akamwambia. "Nataka nione nilivyokufa."

Akakaa benchi la kwanza, miguu na matope yake. Gaudiosa akakishika kipaza sauti akijua ni mara ya mwisho, akaanza. Picha ilipofika kwenye viatu vya visigino watu hawakuthubutu kucheka, mpaka Tumwagile mwenyewe alipotoa sauti fulani puani, ndipo banda likapasuka. Miaka sita, hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Kisha likaja ghala, ukaja ule mlango. Risasi tatu. Yule mwanamke akashuka akakaa.

"Hapa... hapa Koplo amezimia tu," Gaudiosa akasema. "Anapumzika kidogo."

"Mama," Tumwagile akasema bila kugeuka, "nimeshaona maiti wengi. Usinidanganye. Sema kama ulivyosema mchana."

Gaudiosa akakohoa mara mbili.

"Tunasikitika kuwatangazia," akaanza, na sauti ikamkatika. Akairudia. "Tunasikitika kuwatangazia kifo cha Koplo Tumwagile. Ndiye aliyempitisha mtoto wa Agnesi kwenye mafuriko. Ndiye aliyesimama uani kila Ijumaa, na jirani yetu akapona mgongo. Ndiye aliyemlipia nauli bibi wa Zombo. Alichukua panga stesheni kwa mkono mtupu, na mimi nilikuwepo, na sikumwambia. Aliishi kwetu miaka sita, wala hatukumwambia. Watu wote mnaombwa kusimamisha kazi."

Tumwagile aliweka kofia magotini akaitazama. Mabega yalianza kumtikisika, na hakuyazuia. Cosmas akaisimamisha kanda mwenyewe, bila kuambiwa.

"Nilidhani mnaniogopa tu," Tumwagile akasema mwishowe.

"Tunakuogopa pia," Agnesi akajibu kutoka nyuma, na watu wakacheka huku wakipenga kamasi.

Hukumu ilitolewa mlangoni, kwa maneno machache. Ile spika isitundikwe nje tena maisha. Banda lifunguliwe kesho kama kawaida. Cosmas akauliza, kwa sauti ya chini, na mtafsiri je?

"Mtafsiri ni huyu," Tumwagile akasema. "Nani mwingine anaweza kunizika hivi?"

Gaudiosa alikishika kile kipaza sauti miaka kumi na moja, mpaka umri ulipomlegeza magoti. Kila picha ilipokwisha, kabla hajazima deki, alikuwa akikohoa mara mbili na kusema: "Waliokufa humu ni wa kwenye kanda. Wa Kilosa wako hai. Nendeni mkawaambie." Na zile jioni ambazo doria ilipita upande wa soko, mlango wa banda ulisukumwa kidogo, kofia ikachungulia, na sauti ya mtu anayeomba chumvi ikasema, "Nipo."